Maji ya Rau na Sheria Zake: Habari za Chekereni

Msafiri atokaye mjini Moshi kuelekea kusini-mashariki hushuka pasipo kuhisi kwamba anashuka. Migomba hubaki nyuma, mibuni hutoweka, baridi ya asubuhi hugeuka kuwa joto, na baada ya mwendo wa kilomita kumi na tano hivi hujikuta katika nchi tambarare ambamo mvua ya mwaka mzima haifikii nusu ya ile inyeshayo katika vihamba vya mlimani. Huko ndiko kiliko kijiji cha Chekereni. Asiye mwenyeji angetazamia kuona vichaka na miiba, na zamani sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa hivyo. Badala yake hukuta majaruba ya mpunga yaliyopimwa kwa kamba, kila moja mita 30 kwa 100, na mifereji ya saruji ipitayo kandokando yake, yenye malango ya chuma ya kufungua na kufunga maji. Akiuliza maji hayo yatoka wapi, ataonyeshwa upande wa kaskazini, kwenye mito ya Njoro na Rau. Akiuliza ni ya nani, hapo mazungumzo huwa marefu.

Nakusudia katika makala haya kuyafuata mazungumzo hayo tangu mwanzo wake. Wanafunzi wa sheria na wa historia hupenda kuuliza kama yawezekana kwa sheria kuyatawala matokeo ya ufundi mpya, na aghalabu jibu lao hulitafuta mbali, katika viwanda vya Uingereza na njia za reli za Marekani. Sioni ubaya wa kwenda mbali. Walakini hapa kwetu pana mfano ambao mtu aweza kuuendea kwa miguu, na mfano wenyewe una faida hii, kwamba ndani yake sheria za namna tatu zimekutana juu ya maji yale yale.

Sheria ya kwanza ni ile ya mfongo. Wachagga walikuwa wakichimba mifereji kabla ya kuonana na Mzungu yeyote, na wageni walioufikia mlima katika karne ya 19 waliiona wakastaajabu. Harry Johnston, aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884, aliieleza. Na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya mlima na watu wake mwaka 1924, aliisifu kazi hiyo kama mtu ajuaye ugumu wake. Mfongo huanzia juu kabisa, ndani ya korongo, mahali ambapo mto bado ni mwembamba. Hapo huwekwa mawe, matawi, majani ya migomba na udongo, maji yakageuzwa upande. Kisha mfereji hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, hata mtu akitazama kutoka ng'ambo ya korongo hudhani kwamba maji yapanda. Palipo na bonde dogo maji yalivushwa ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Palipo na haja ya kuyahifadhi usiku palichimbwa bwawa, nduwa, likafunguliwa alfajiri.

Ufundi huo ulikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilizaliwa pamoja nao. Mfongo ulikuwa wa ukoo uliouchimba. Mzee wa ukoo huo aligawa zamu, na watu wa koo nyingine waliopewa maji walilipa kwa kazi na kwa mbege. Siku ya kusafisha mfereji kila mwenye zamu alikwenda na jembe lake. Asiyekwenda alitozwa pombe, akikaidi alitozwa mbuzi, akizidi kukaidi alifungiwa maji, na hiyo ndiyo adhabu aliyoiogopa. Maji hayakupimwa kwa lita. Yalipimwa kwa jua: huyu toka alfajiri hata saa nne, yule toka saa nne hata adhuhuri. Nami naona jambo moja ambalo wengi walioandika juu ya mifongo hulipita haraka, nalo ni kwamba banio la mawe na majani huvuja. Haliwezi kuukausha mto. Chochote ambacho wazee walikubaliana juu, huko chini lazima maji yalifika, kwa kuwa ufundi wenyewe haukuwa na nguvu ya kuyazuia yote. Sehemu ya mtu wa chini ilikuwa imeandikwa katika udhaifu wa banio.

Tusiisifu sheria hiyo kupita kiasi. Ukoo usio na mfongo ulikuwa mwombaji, na mwombaji hana sauti. Wanawake, ambao ndio walioteka maji na kuyatumia nyumbani na mashambani, hawakukaa katika baraza la mfongo. Wala koo hazikuishi pasipo ugomvi. Lakini kila mtu alijua sheria ilikuwa nini na nani wa kumwendea.

Sheria ya pili ililetwa na serikali ya kikoloni. Wadachi walipoiteka nchi walowezi wao walichukua ardhi chini ya ukanda wa vihamba, wakapanda mkonge na kahawa, na baada ya reli kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya kwanza thamani ya ardhi hiyo ikapanda. Waingereza walipopokea nchi walikuta watu wa namna mbili wakinywa mto mmoja, Mchagga juu na mlowezi chini. Mlowezi hakutaka kuomba kwa mbege. Alitaka karatasi. Basi mwaka 1923 ikatungwa sheria ya kuratibu matumizi ya maji ya asili, ikafuatwa na nyingine mwaka 1948 na nyingine tena mwaka 1959. Katika miaka hiyo hiyo mambo ya ufundi yalikuwa yakienda mbele kwa haraka. Miaka ya 1930 kampuni ya Kidenishi ilifungua mashamba makubwa ya miwa huko Arusha Chini, yale ambayo watu wote wa Moshi huyaita TPC. Na katika miaka hiyo mitambo ya kwanza ya umeme ilijengwa kwenye maporomoko ya mto Pangani, ambao ndio upokeao maji ya mlima mwishoni. Hale ikafuata mwaka 1964, na bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1960, mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana.

Kiini cha sheria hizo kilikuwa kimoja: maji yote ni ya dola, na atakaye kuyachepusha hana budi kupewa haki kwa maandishi, ikitajwa mto gani, mahali gani, kwa kazi gani na kwa kiasi gani. Mila za wenyeji hazikufutwa moja kwa moja. Ziliachwa pembeni, kama mzee anayepewa kiti barazani lakini haulizwi neno. Mwenye karatasi alijulikana kwa sheria. Mwenye mfongo alivumiliwa. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuleta msiba, kwa sababu wakuu wa Kichagga, Mangi na mabaraza yao, walisimama katikati ya sheria hizo mbili, wakaamua mashauri ya mifongo kwa mila huku wakitambuliwa na serikali. Mwaka 1963 vyeo vya machifu vilifutwa. Sababu za kuvifuta zilikuwa na nguvu na siwezi kuzibishia hapa, ila kwa upande wa maji daraja liliondolewa na hapakujengwa jingine. Kisha ikaja Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974, Na. 42, iliyosema waziwazi kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kwamba mtoaji wa haki ya maji ni Afisa wa Maji. Mzee wa mfongo, ambaye baba yake na babu yake waliuchimba kwa mikono, akawa kwa maandishi ya sheria mtu achukuaye kitu kisicho chake mpaka atakapoandikishwa.

Hali ilikuwa hivyo wakati ufundi mpya ulipofika Chekereni.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kijapani walishirikiana na serikali yetu kutunga mpango wa maendeleo wa mkoa wa Kilimanjaro. Nchi ya mlimani ilikuwa imejaa. Vihamba viligawanywa kwa wana hata vikawa vipande, na vijana wakawa wanashuka kutafuta mashamba tambarare. Chekereni yenyewe ilikwisha kuwa kijiji cha ujamaa, na wakazi wake wengi walikuwa watu walioshuka hivyo kutoka mlimani, wakakutana huko na wengine wa makabila mbalimbali. Mradi wa kumwagilia wa Moshi Chini, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kumalizika mwaka 1987, ulikusudiwa kuinyoosha nchi hiyo. Eneo lake lilikuwa hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 ziliwekwa kwa mpunga. Vijiji vyake vilikuwa Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Mashamba ya zamani, yaliyokuwa na sura za kila namna, yalivunjwa yakapimwa upya, na kila mwenye ardhi akapewa majaruba kwa kadiri ya alichokuwa nacho na kwa kadiri ya alivyojua kujitetea. Katika mkutano wa namna hiyo mjane na mtu asiyesoma hawapati sawa na karani, na manung'uniko ya ugawaji huo yaliendelea kusikika kwa miaka.

Hata hivyo mavuno yalinyamazisha mengi. Mbegu iliyoletwa ilikuwa IR54, uzao wa chuo cha utafiti wa mpunga cha Ufilipino. Bua lake ni fupi, halilali kwa upepo, na hukubali mbolea kwa ulafi. Kwa harufu haukaribii mchele wa Kyela, na wapishi waliusema vibaya. Lakini hekta moja ilitoa tani sita na zaidi, ilhali wakulima wengi wa mpunga nchini walikuwa hawapati hata tani mbili na nusu. Matrekta yalilima, wataalamu walifundisha kupanda kwa mistari, na wakulima wakajiunga katika ushirika wao, CHAWAMPU. Nyumba za bati ziliongezeka, na ada za shule zikalipwa kwa magunia ya mpunga.

Hapa nachepuka kidogo, kama mfereji. Madaktari waliogopa kwamba maji yaliyotuama yangeleta malaria, na kweli mbu waliongezeka sana. Lakini watafiti waliochunguza vijiji vya Moshi Chini walikuta kwamba katika kijiji cha mpunga hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo kuliko katika kijiji cha nyika kilichokuwa na mbu wachache. Wenye mpunga walikuwa na fedha za kununulia vyandarua na dawa. Jambo hilo nalitaja kwa sababu laonyesha jinsi matokeo ya ufundi yasivyotabirika. Lile lililoogopwa halikuja, na lile lililokuja halikuogopwa na mtu.

Lililokuja ni hili. Mradi ulipewa haki ya maji kwa mujibu wa sheria ya 1974. Wahandisi walikuwa wameupima mto, wakajua kiasi chake wakati wa masika na wakati wa kiangazi, wakatoa hesabu ya matumizi yaliyokuwapo juu yao, na juu ya kilichobaki wakajenga mabanio mawili, moja la Njoro na moja la Rau. Hesabu ilikuwa sahihi kwa siku ile iliyofanywa. Lakini mbegu haina mizizi katika karatasi. Mtu wa kijiji cha juu aliyekuja Chekereni kumtazama shemeji yake aliona gunia kwa macho yake, akaomba debe la mbegu, akarudi nalo kwao. Miaka hiyo ya 1980 biashara ya nafaka ilikuwa ikifunguliwa, bei ya mchele mjini ilikuwa nzuri, na bei ya kahawa ilikuwa inayumba. Vijiji vilivyo juu ya banio la Rau, kama vile Mandaka, vilikuwa na mto uleule, udongo uufaao mpunga, na ustadi wa kuchimba mfereji waliourithi kwa vizazi. Hawakuhitaji mkopo wa Japani. Walihitaji jembe, mawe na matawi. Kabla ya miaka ya 1990 kufika katikati palikuwa na mpunga mwingi juu ya banio, na chini yake, katika majaruba yaliyojengwa kwa gharama kubwa, eneo lililopandwa likawa linapungua. Mifereji ya saruji ikaonyesha sakafu yake. Wakulima wa Chekereni walipewa zamu: msimu huu sehemu hii ilime, ile ipumzike. Wengine walirudia mahindi, wengine walikodi mashamba kule juu, kwa wale wale waliokuwa wakiwalalamikia.

Sasa tuiulize sheria. Kwa maandishi, jambo lilikuwa rahisi. Mradi ulikuwa na haki iliyoandikishwa, wa juu wengi hawakuwa nayo, basi wafungiwe. Hivyo ndivyo walivyosema maofisa, na kwa hakika ndivyo walivyosema wakulima wa Chekereni, ambao walikuwa wanadaiwa gharama za pembejeo na hawakuwa na kosa lolote. Naye mtu wa juu alijibu kwamba yeye anakaa penye mto, na babu yake alikuwa na mfongo hapo kabla Chekereni haijawa kijiji. Kwamba alipita barabara ya mradi akaambiwa kilimo cha kisasa ndicho maendeleo, naye akakifuata. Na kwamba serikali iliyomhimiza kulima yataka kumfunga kwa kuwa amelima. Fred Lerise, aliyeichunguza Chekereni kwa kina na kuchapisha kitabu chake Dar es Salaam mwaka 2005, aliyaangalia mambo hayo ya ardhi na maji kuwa mambo ya siasa, na anayesoma habari hizi kwa makini atakubaliana naye. Diwani na mbunge walihitaji kura za juu na za chini. Afisa wa Maji hakuwa na polisi wa kulala kila usiku kandoni mwa mto. Na banio la mawe, likibomolewa mchana, hujengwa tena kabla ya jogoo kuwika.

Mimi nasema kosa la sheria halikuwa upole wake tu. Sheria ilidhani kwamba kitu kinachokua ni mfereji, kwa sababu mfereji waonekana, waweza kupimwa na kupewa namba. Kumbe kilichokuwa kinakua kilikuwa mbegu pamoja na maarifa ya kuilima, na vitu hivyo havikuombewa haki ya maji popote. Wahandisi walijenga kwa kudhani kwamba nchi iliyo juu ya banio itabaki kama ilivyokuwa, huku chini ya banio wakifanya kazi ambayo, ikifanikiwa, isingeweza kuiacha nchi ya juu kama ilivyokuwa. Mradi uliharibiwa na mafanikio yake. Kama mpunga ungekataa, mto ungetosha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wajapani wenyewe nyumbani kwao walikwisha kupita njia hiyo. Japani ni nchi ya wakulima wa mpunga walioshindania maji kwa karne nyingi, na vijiji vyao vilikuwa na desturi za zamu zinazofanana sana na zile za mfongo. Walipotunga sheria ya mito mwaka 1896, wakati viwanda na umeme vilipoanza kutaka maji, hawakuwaambia wakulima wa kale kwamba wote ni wavamizi mpaka waandikishwe. Wale waliokuwa wakitumia maji kwa desturi walihesabiwa kuwa wamekwisha kupewa ruhusa, na sheria mpya ya mwaka 1964 ikashika kanuni hiyo hiyo. Mwenye mtambo mpya ndiye aliyepaswa kupatana na mwenye desturi. Sisemi kwamba huko hapakuwa na ugomvi. Lakini mradi wa Moshi Chini ulichukua saruji ya Japani, pawatila za Japani na ufundi wa Japani, na sheria ya maji ukaikuta hapa, ile iliyoanza kwa kumtafutia mlowezi karatasi. Hakuna wa kulaumiwa peke yake kwa hilo. Mhandisi hakutumwa kuleta sheria, na mwanasheria hakuitwa kutazama mpunga.

Habari ingekuwa imekwisha hapa kama Chekereni ingekuwa mwisho wa mto. Haiko mwisho. Maji ya Rau yanayopona hushuka hata Kahe, huingia Ruvu, na Ruvu huingia Nyumba ya Mungu, ambako TANESCO huyangoja kwa mitambo yake, pale bwawani, kisha Hale, kisha Pangani, ambako mtambo mpya wa megawati 68 ulikamilika mwaka 1995. Kwa macho ya mwenye mitambo hiyo, Chekereni ni mtu wa juu. Kila tone livukizwalo katika jaruba halizungushi gurudumu. Basi wakulima wale wale walioshtaki Mandaka kwa kuchukua maji yaliyokuwa na haki ya mtu, walijikuta wakisemwa mjini Dar es Salaam, pamoja na wamwagiliaji wote wa mlimani na wa Arumeru, kuwa ndio sababu ya taa kuzimika. Nafikiri hakuna mahali pengine nchini ambapo mtu aweza kuwa mdai asubuhi na mdaiwa jioni katika shauri moja.

Serikali iliona kwamba mto hauwezi kutawaliwa kwa mipaka ya mikoa. Sheria ilirekebishwa mwaka 1981 ili nchi igawanywe kwa mabonde ya mito, tisa kwa jumla, na mwaka 1991 Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ikafunguliwa, ya kwanza kabisa nchini. Hiyo ilikuwa hatua ya akili. Lakini ofisi hiyo ilihitaji fedha, na katika miaka ya 1990 ada za matumizi ya maji zikaanza kudaiwa, kwa mwenye mtambo wa umeme na kwa mwenye mfongo pia. Mlimani zilipokelewa kwa mshangao. Maji ni ya Mungu, walisema, na mfereji ni wa babu. Serikali imeleta nini katika viwili hivyo hata idai fedha? Yafaa msomaji asilicheke jibu hilo. Mtu wa mfongo alikuwa amekwisha kulipa, kwa siku za kazi na kwa mbege, na malipo hayo yalimpa kitu cha hakika, yaani zamu yake. Ada ya ofisi haikumletea zamu. Ilimletea risiti. Na wako walioifahamu risiti hiyo kwa namna ambayo ofisi haikuitazamia: aliyelipa alijiona amenunua maji, achukue kadiri apendavyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, Na. 11, ilijaribu kuyatengeneza haya. Maji yaliwekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi wote. Haki ya maji ya zamani ikageuka kuwa kibali cha kutumia maji. Watumiaji wa mto mmoja walipewa njia ya kujiunga katika jumuiya inayojulikana kwa sheria, ya kugawa zamu na kuamua ugomvi wao wenyewe. Na zaidi ya yote, sheria hiyo ilitamka kwamba haki ya kimila ya maji hutambuliwa, na kwa kila hali ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa maandishi. Tangu mwaka 1923 ilikuwa haijasemwa hivyo. Mwaka 2013 ikaongezwa Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji, yenye tume yake na vyama vyake vya wamwagiliaji, hata leo mkulima mmoja wa Chekereni aweza kuwa mwanachama wa ushirika, wa chama cha wamwagiliaji na wa jumuiya ya watumia maji, na kuitwa mikutano mitatu katika wiki moja juu ya mfereji mmoja.

Je, neno hilo la hadhi sawa lamaliza shauri? Halimalizi. Haki ya kimila ilikuwa haki ya zamu, na zamu ilipimwa kwa jua, kwa ajili ya ulezi, migomba na mahindi. Mpunga hauli kwa zamu ya aina hiyo; wataka maji yasimame. Mtu wa Mandaka akisema mfongo wake ni wa mila, asema kweli. Akisema mpunga wake ni wa mila, hapo hakimu ana ruhusa ya kumwuliza mbegu aliitoa wapi. Nadhani hapo ndipo kazi ya wanasheria wetu ilipo: kupambanua njia ya maji, ambayo ni ya kale, na kiasi cha maji, ambacho kimekua pamoja na ufundi. Njia yastahili kulindwa kwa mila. Kiasi chahitaji mapatano mapya kati ya wa juu na wa chini, wakikaa pamoja na kipimo kimoja wanachokiamini wote wawili, uwe ubao wenye alama ndani ya maji au hata saa ya ukutani.

Wakati huohuo ufundi haungoji. Chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, kilichoanzishwa Chekereni mwaka 1994, kimewafundisha watu wengi wa mikoa mingine kulima mpunga, na mbegu ya SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002 na yenye harufu nzuri, imeiondoa IR54 katika majaruba mengi. Kilimo shadidi, ambacho huacha jaruba likauke kwa vipindi badala ya kulifurika siku zote, chafundishwa pia, nacho hupunguza maji kwa kiasi cha kuonekana. Lakini maji yanayookolewa juu hayaandikwi popote kwamba ni ya chini. Mkulima wa juu akijifunza kulima kwa nusu ya maji, aweza kuyaachia yashuke, au aweza kupanua shamba lake mara mbili, na mpaka sasa hakuna kifungu kinachomwambia lipi kati ya hayo mawili limempasa. Kiangazi kikiingia, mlinzi wa banio la Rau hupanda baiskeli na kuufuata mto kwenda juu, akitazama maji yamegeuzwa wapi usiku uliopita.